Programu Yangu Ilipoitwa Virusi

Mwalimu wangu alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua duka. Hakusubiri hata shikamoo yangu imfikie.

"Imenyamaza," alisema. "Tangu jana jioni haisemi kitu. Nabonyeza, nabonyeza, kimya. Na wathibiti ubora wa shule wanakuja Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilirudisha mlango nyuma nusu, nikakaa juu ya katoni la karatasi za fotokopi.

Mwalimu huyu alinifundisha Kiswahili nikiwa kidato cha pili, katika shule moja ya upande wa Mungaa. Alikuwa mkali wa lugha. Ukisema "hiki kitabu yangu" alikaa kimya akikutazama mpaka ujisahihishe mwenyewe. Miaka mingi baadaye presha ya macho ilianza kumla uoni, kuanzia pembeni kuja katikati. Siku moja alishika chaki akaandika juu ya maandishi ambayo tayari yalikuwa ubaoni, na darasa zima likanyamaza kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Alinisimulia hayo mwenyewe alipokuja dukani kwangu mjini Singida, ameshikwa mkono na mke wake, kuuliza kama kompyuta inaweza kumsomea mtu asiyeona.

Zilikuwepo programu za kazi hiyo, lakini ile tuliyoijaribu ilisoma Kiswahili kama mtalii anayesoma bango la barabarani. Mwalimu aliisikiliza kidogo akavua vipokea sauti. "Bora upofu," alisema.

Basi nikaandika yangu. Kiswahili kina huruma kwa mtu wa kazi hii: ukiwa na silabi zake zimerekodiwa vizuri, unaweza kuunga karibu neno lolote. Sauti ilikuwa ya mume wangu, kwa kuwa anaongea taratibu. Tulirekodi nyumbani kwetu Unyambwa tumeegemeza godoro dirishani kuzuia sauti za majogoo. Ba, be, bi, bo, bu. Alilalamika kwamba amerudishwa darasa la kwanza, lakini alimaliza. Mwalimu akarudi kufundisha. Maandalio yake ya masomo, maswali ya mitihani, barua zake, vyote aliviandika kwa kompyuta na kuvisikiliza kwa sauti ya mume wangu. Wasioona wengine wachache wa mkoa wetu walisikia habari, nao wakaiomba.

Jambo moja lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililotuletea matatizo. Programu ikishaandikwa ni vipande vingi: maandishi ya amri, mafaili ya sauti, na vikorokoro vingine ambavyo kompyuta ya mtumiaji haina. Huwezi kumpa mtu vipande. Inabidi uvifungashe, viwe faili moja ambalo mtu analibonyeza na kazi inaanza. Kuna programu maalumu za kufungasha. Niliyoitumia mimi ilitengenezwa na watu wachache wa nchi za mbali, kwa kujitolea. Ilikuwa nyepesi na haikuwa na maswali mengi. Siku moja waliandika kwenye ukurasa wao kwamba wamechoka, hawataisasisha tena, asanteni. Baadaye hata ukurasa wenyewe ukawa haufunguki. Mimi niliendelea kuitumia kwenye kompyuta yangu ya zamani ya mezani, kwa sababu kwenye mpya ilikataa kukaa. Kila mtu aliyenijua katika kazi hii aliniambia nihame. Nami kila mwaka niliona kuna jambo la haraka zaidi.

"Mpe mama simu," nilimwambia mwalimu.

Mke wake alichukua simu. Ni mkulima wa alizeti na mtama, anasoma Kiswahili polepole, na Kiingereza hakijui.

"Shikamoo mama. Kuna nini kwenye kioo?"

"Marahaba mwanangu. Kuna kidirisha chekundu. Kimeandikwa Kizungu."

"Nitajie herufi."

"Te. He. Re. E..." Alivuta pumzi. "A. Te."

Nilielewa kabla hajamaliza. Threat, yaani tishio. Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe siku iliyotangulia, na kinga yake mpya ya virusi ikaitazama programu yangu ikaiona ni adui, ikaifungia.

Nilimwelekeza mama mahali pa kubonyeza ili kuitoa kifungoni. Tulikwenda neno kwa neno, yeye akitaja herufi, mimi nikikisia kidirisha kilivyo. Mwalimu alikuwa nyuma yake akiuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" Mwisho mama alibonyeza mahali penyewe. Nilisikia sauti ya mume wangu kwa mbali, ikitoka Mungaa kuja sikioni kwangu: "Karibu, mwa..."

Halafu kimya.

"Kile chekundu kimerudi," mama alisema.

Nilifunga duka nikarudi Unyambwa. Kompyuta ya mezani ilikuwa chumba cha nyuma, imefunikwa kitenge. Nilijaribu kufungasha upya, nikibadilisha hiki na kile, kisha nikaihamishia programu kwa flashi kwenye laptopu mpya ya dukani, niliyokuja nayo, kuona kama itapita. Ilifutwa papo hapo. Nikafungasha tena kwa namna nyingine. Ikafutwa. Mchana umeme ulipungua nguvu, taa zikawa nyekundu kama vibatari, na kompyuta ya mezani ikazima katikati ya kazi. Ulipotulia niliiwasha. Diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kila nilichokuwa nacho cha kufungashia kilikuwa ndani ya lile boksi, na hakuna mahali popote duniani ningeweza kukiomba tena.

Iliwaka. Kabla ya kufanya kingine chochote nilinakili kila kitu.

Mume wangu alirudi kutoka shambani akanikuta hivyo. "Mwambie azime hiyo kinga," alisema. "Si ya kwake?"

"Ni ya shule."

"Basi aombe."

Mwalimu aliomba. Jumanne asubuhi simu yangu iliita, namba nisiyoijua.

"Naongea na mtengenezaji wa programu ya mwalimu?" Alikuwa mkuu wa shule. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Nimeambiwa nizime kinga ya kompyuta ili kitu chako kifanye kazi. Ni kweli?"

"Ni kweli mkuu, ila kwa muda tu. Programu haina madhara."

"Kompyuta inasema ina madhara."

"Inakosea."

"Dada, mwaka juzi kirusi kilikula matokeo ya kidato cha nne yote tuliyokuwa tumeyaingiza. Tulirudia kuingiza kwa mkono, mimi mwenyewe nilikaa na walimu. Na yule aliyeleta flashi alisema maneno hayo hayo, kwamba haina madhara. Nimeifungia laptopu ofisini kwangu. Sijaifungia kwa ubaya. Alhamisi nina wageni."

"Na mwalimu atafundisha na nini?"

"Ndilo swali nitakaloulizwa na wageni," alisema.

Nilimpigia mwalimu. Aliniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia: tangu mwanzo wa muhula palikuwa na maneno ya kumtoa darasani na kumpa kazi ya kukaa na wanafunzi wenye matatizo, kuwasikiliza. "Kazi nzuri," alisema. "Ila mimi ni mwalimu wa Kiswahili." Sauti yake ilikuwa kavu. Hakunilaumu, nami niliona afadhali angenilaumu.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini kinga iliichukia programu yangu. Nilitafuta mtandaoni mpaka bando likaisha, nikanunua lingine. Ile programu ya kufungashia ilipoachwa bila mwenyewe, wahalifu waliiokota. Nao waliupenda wepesi wake. Walifungashia virusi vyao kwa fundo lile lile nililotumia mimi, na watengenezaji wa kinga, badala ya kuchungulia ndani ya kila mzigo, wakaamua fundo lenyewe ni dalili ya hatari. Hakuna nilichoweza kubadilisha ndani. Ningeweza kuweka Zaburi humo na bado ingeitwa tishio.

Ilibaki njia moja: kuhamia programu mpya ya kufungashia, ile niliyoikwepa miaka yote. Nilianza palepale. Ilikataa sehemu ya sauti, kwa kuwa niliiandika kwa desturi za zamani. Nikaiandika upya. Ikakubali sauti ikakataa vitufe, na mwalimu bila vitufe ni sawa na kufungwa mikono. Nikashughulika na vitufe. Mume wangu alipika, akafua, akajibu wateja wa duka kwa simu yangu akiwaambia mwenye duka anaumwa. Nilimsikia nikataka kubisha, kisha nikaona si uongo sana. Kichwa kilikuwa kinaniuma.

Jumatano baada ya saa sita mchana mzigo mpya ulipita. Niliuweka kwenye laptopu ya dukani, kinga ikauzunguka, ikauchungulia, ikauacha. Ukasema, "Karibu, mwalimu." Sikungoja. Mume wangu alitoa pikipiki, nami nikapanda nyuma na flashi nimeifunga kwenye ncha ya kanga.

Njiani tulikutana na ng'ombe wakitoka kunywa maji, barabara nzima, na mchungaji hakuwa na haraka yoyote. Mume wangu alizima injini. Nilikaa nikitazama migongo ya ng'ombe ikipita, nikiwaza kama ofisi ya mkuu itakuwa bado wazi.

Ilikuwa wazi. Mkuu aliitoa laptopu kwenye kabati, akatupeleka chumba cha walimu, akaiweka mezani. Mwalimu alikuwa ameketi wima, mke wake pembeni. Walimu wengine wawili watatu walijifanya wanasahihisha madaftari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na mzigo mpya."

Niliweka flashi. Mkuu aliinama karibu na bega langu, macho kwenye kioo. Kinga ilianza kukagua, ule mstari wake mdogo ukijaa taratibu. Ulifika mwisho, ukatoweka. Hapakuwa na kidirisha chekundu. Nilibonyeza.

"Karibu, mwalimu."

Mke wake alicheka kwa sauti, akaziba mdomo. Mwalimu hakucheka. Alisogeza laptopu kwake, vidole vikatafuta vitufe, akafungua andalio la somo la kesho yake.

"Mada," sauti ya mume wangu ilisoma, taratibu kama kawaida yake. "U... mbulishaji wa vitenzi."

Mwalimu aliinua kichwa. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "U... mbulishaji."

"Umbulishaji?" alisema. "Mumeo ameng'oka meno?"

Walimu waliojifanya wanasahihisha waliacha kujifanya. Nilichukua kompyuta nikaandika maneno harakaharaka: nyumba, nyanya, nyuki, Mnyaturu. Ikasoma: mba, kimya, ki, m... turu. Silabi zote za "nya" na ndugu zake hazikuwemo. Nikakumbuka. Wakati tunarekodi tuliziruka kwa bahati mbaya, tukazirekodi siku nyingine, nikaziweka kwenye folda yake peke yake. Ile programu ya zamani ya kufungashia ilikuwa inazizoa bila kuambiwa. Hii mpya haizoi kitu isichoambiwa.

"Nitarudi nyumbani nirekebishe," nilisema. "Kesho asubuhi na mapema nitakuwa hapa."

Mkuu alitikisa kichwa. "Wageni wanaingia na kengele ya kwanza. Sitaki mtu anaweka vitu kwenye kompyuta wao wako getini. Hiki kilichokaa leo kikae, au nikitoe kabisa. Semeni."

Alituangalia mimi na mwalimu. Nilifungua mdomo kusema kitoe, maana niliona aibu kwa niaba ya mzee yule, nikimwona mbele ya wageni na mashine yenye mapengo.

"Kikae," mwalimu alisema. "Mapengo nitayaziba mwenyewe. Nimesikiliza wanafunzi wasiotamka maneno maisha yangu yote."

Alhamisi nilifungua duka lakini sikufanya kazi ya maana. Mteja aliniletea cheti cha kuzaliwa nimtolee nakala, nikamtolea upande wa nyuma usio na kitu, mara mbili. Simu niliiweka mbele yangu juu ya kaunta. Jua lilihama kutoka mlango mmoja wa duka la jirani kwenda mwingine, na simu haikuita.

Alasiri ndipo mke wa mwalimu alipopiga. Yeye humsindikiza mpaka darasani, na siku hiyo alibaki nje, chini ya dirisha.

"Niambie mama."

"Ngoja nipumue." Alipumua. "Alianza vizuri. Kipokea sauti kimoja kakiweka sikioni, anasikiliza, anafundisha. Pale penye pengo anaruka mwenyewe, huwezi kujua. Mgeni mmoja, mwanamke, akainuka. Akasema, mwalimu, hilo ni andalio lako, pengine umelikariri. Akatoa karatasi yake, kitu kipya, akamwomba mkuu akiandike kwenye kompyuta kisomwe kwa sauti, watu wote wasikie."

"Mungu wangu."

"Mkuu akaandika. Ilikuwa habari ya wafuga nyuki." Alianza kucheka na kulia pamoja. "Mwanangu, ni nyuki juu ya nyuki. Ikasoma ki, ki, ki. Watoto wakaanza kucheka. Mimi nikainama chini ya dirisha, nikasema basi, yameisha."

"Yeye akafanyaje?"

"Akainua mkono, wakanyamaza. Akasema, rafiki yetu huyu hana sauti moja. Mtu aniambie ni ipi. Wakatafuta. Mmoja akasema, nyu. Akasema, sasa sikilizeni, kila akiikosa mumpe. Ikaanza tena. Ikifika pale, darasa zima: nyu! Ikifika pengine: nya! Yule mgeni kaandika weee."

"Alicheka?"

"Hakucheka. Mwishoni akamwuliza, na ikizima kabisa, je? Mzee akamwambia, nitafundisha kwa kichwa na kusahihisha kwa macho ya mke wangu, ila maandalio yatachelewa na mtayadai. Basi. Wakatoka."

Majibu yalikuja baada ya wiki chache. Mwalimu abaki darasani, na shule itafute msaada wa uhakika wa vifaa vyake, usiotegemea mtu mmoja. Mkuu alinisomea hayo kwa simu, polepole, hasa hilo la mwisho. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kurudisha silabi zilizopotea, na mkuu alikuwa ameniruhusu kuweka toleo jipya mwenyewe akiwa amesimama pale pale begani kwangu.

Siku niliyoliweka, nilipomaliza, mwalimu aliniomba nimsindikize mpaka kwenye benchi la nje. Tulikaa. Watoto walikuwa wanafagia uwanja.

"Sikutaka kukwambia ukiwa na haraka," alisema. "Umenipa fimbo, nakushukuru. Lakini ncha ya juu umeishika wewe. Wiki ile nilijua kwamba wewe ukianguka, mimi naanguka, na hata hatujui tumejikwaa wapi."

Nilisema nitafanya kitu. Aliniuliza kitu gani. Akasubiri, kama alivyokuwa akisubiri mtu ajisahihishe.

Nilichofanya ni hiki: kazi yote, maandishi na sauti na maelekezo ya kufungasha hatua kwa hatua, niliwapa wenzangu wawili wa Dodoma niliosoma nao chuo. Mmoja alijaribu kufungasha akiwa kwake bila kunipigia simu. Alishindwa mara ya kwanza kwa sababu ya jambo nililosahau kulieleza. Mara ya pili akaweza. Nilipopokea faili alilolifungasha yeye, likafunguka na kusema, nilikaa nalo nikilisikiliza likisoma habari za gazeti zisizonihusu.

Kisha nikaanza kuzunguka kwa watumiaji wengine kuwabadilishia. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Itigi, muuza asali, aliyepofushwa na surua akiwa mdogo. Kompyuta yake ilikuwa nzee, aliachiwa na kaka yake aliyehamia mbali. Niliweka mzigo mpya. Kompyuta ikasema haiutambui. Nikajaribu tena nikijua ni bure: ile programu mpya ya kufungashia ilikuwa imekwisha kuachana na mifumo ya umri ule.

"Imekataa?" aliuliza.

"Imekataa dada. Kompyuta yako ni ya zamani kwa huu mzigo."

"Na ule wa kwanza?"

"Ule unakubali. Ila usiiunganishe tena na intaneti, hata kwa dakika moja. Ikijisasisha tu, itafutwa."

Alifikiri, vidole vikizungusha kifuniko cha chupa ya asali. Treni ilikuwa imeingia stesheni na wachuuzi walikuwa wanapaza sauti. "Haya," alisema. "Rudisha ule."

Niliurudisha. Kwa hiyo mpaka leo, kila nikirekebisha neno moja nafungasha mara mbili: kwa chombo kipya kwa ajili ya wengine wote, na kwa kile cha zamani kwa ajili ya mama wa Itigi. Nimemwambia kwamba siku moja hicho cha zamani hakitawaka. Aliniambia nisimpigie simu kumtisha, nimpigie kumwambia nimepata nini badala yake. Bado natafuta.